Chupa Yenye Picha ya Jua

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi. Naliweka hili mezani mapema kabla Remigius hajalisimulia kwa namna yake, maana yeye akisimulia huongeza chumvi, na chumvi kwenye kichwa kilichobabuka inauma.

Naitwa Obed. Ni dereva wa magari ya watalii hapa Karatu, mwaka wa kumi na nne sasa. Kabla ya hapo nilibeba mizigo ya wageni mlimani Kilimanjaro mpaka goti likagoma. Nikaingia kwenye vitunguu vya Mang'ola, vikaoza njiani lori lilipokwama kwenye matope. Nikafungua saluni ya kiume, nikamkata mteja sikio siku ya ufunguzi. Mtu aliyechapwa na dunia kiasi hicho ungetegemea awe na akili. Hata mimi nilitegemea.

Ilikuwa Julai. Mama Lukresia, mwenye kampuni yetu, aliniita ofisini jioni. Ni mama wa Rombo, mfupi, ana magari matatu na hana muda wa kupoteza.

"Kesho unashuka kreta na wageni wawili," alisema. "Unakwenda na Hyasinta. Namjaribu kwenye uongozaji. Wewe utaendesha, yeye ataongea. Jioni mkirudi nataka kwako neno moja tu: anaweza au hawezi."

"Hyasinta yupi, mama? Yule..."

"Yule yule. Haya, malizia sentensi kama una ubavu."

Sikuwa nao. Hyasinta ana ualbino. Ni binti wa Kiiraqw, wa Ganako hapo jirani, ana cheti cha uongozaji na Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, ambacho nilikiokota kwa wageni kipande kipande kama mtu anayeokota kuni. Miaka miwili alikuwa anapiga hodi kwenye kampuni za mjini. Wote walimwambia watampigia simu, na simu yake ilikuwa nzima kabisa. Mama Lukresia ndiye aliyekubali kumpa siku moja ya majaribio, na siku yenyewe ilikuwa imewekwa mikononi mwangu. Nikisema anaweza, anaanza kazi. Nikisema hawezi, anarudi Ganako.

Nilikwenda nyumbani nimejaa huruma. Huruma yangu ni ya aina ile inayoongea sana na haisikilizi. Nilimwambia mke wangu, Anneth, kwamba jua la kreta, kule chini bondeni kwenye wanyama, litammaliza yule mtoto wa watu, kwa hiyo nitasema hawezi, kwa faida yake.

"Amekuomba hiyo faida?" aliuliza Anneth.

"Usinichanganye. Nipitishie wembe."

Hapo ndipo pa pili pa ujinga. Nywele zangu zilikuwa zimeanza kunikimbia utosini, zikibaki pembeni kama watu waliochelewa kwenye mkutano. Remigius, dereva mwenzangu, alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba heri mtu anyoe zote, atapendeza. Anneth akanyoa zote. Mimi ni maji ya kunde, lakini ule utosi ulikuwa haujaonana na jua tangu shule ya msingi, na ulipotokeza ulikuwa mweupe kama kiazi kilichomenywa. Nilijitazama kwenye kioo nikajipenda. Asubuhi yake nikaiacha kofia ya kazi nyumbani makusudi, maana mtu hafuniki kitu kipya.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliwachukua wageni hotelini. Walikuwa dada wawili wa Denmaki, wastaafu. Karen alikuwa mwalimu, mrefu na mkimya. Birgit alikuwa dereva wa basi, mnene na mcheshi, na siku hiyo alikuwa mwekundu kama nyanya za mnadani. Walifika jana yake, wakaona bwawa la kuogelea, na Birgit akalala kando yake saa tatu nzima akiota jua, kwa sababu upepo ulikuwa wa baridi na hakuhisi kitu. Jua la Karatu mwezi wa saba ni la kinafiki. Upepo unakuambia uvae sweta, na jua linaingia kupitia mlango wa nyuma.

Birgit alifungua mkoba wake, akatoa chupa ya kahawia, akanikabidhi kwa vidole viwili.

"Chukua hii, Obed. Sitaki kuiona tena maishani mwangu."

Nikamshukuru sana. Wageni wana ukarimu wa namna nyingi. Nyumbani nina boksi zima la chupa kama hizo, urithi wa watu waliopanda ndege kurudi kwao. Sijawahi kusoma hata moja. Kwani kuna haja? Dawa ya mbu ina picha ya mbu, na mbu anakimbia. Dawa ya panya ina picha ya panya. Chupa hii ilikuwa na picha ya jua kubwa linalotabasamu. Mtu mzima mwenye akili zake anahitaji kusoma nini tena?

Hyasinta alikuwa ameshafika, amesimama pembeni ya gari. Kofia yake ilikuwa pana kama sinia, imeshonwa kwa turubai laini na ina kitambaa cha kufunika shingo. Mikono mirefu, glavu nyembamba, miwani myeusi. Mkononi alikuwa na kitabu kikubwa cha ndege. Mimi nilikuwa na kichwa.

"Kaka Obed, za asubuhi. Umependeza."

"Nzuri, mdogo wangu. Wewe unakwenda kreta au kurina asali?"

"Nakwenda kazini," akasema, akapanda.

Getini Lodoare ukungu ulikuwa mzito, huoni hata boneti. Tulipokuwa tunasubiri vibali, Hyasinta akatoa losheni yake akaanza kujipaka usoni, masikioni, nyuma ya shingo, taratibu, kama mtu anayepaka rangi nyumba yake mwenyewe.

"Unajikinga na ukungu?" nikamuuliza.

"Jua lipo juu ya ukungu, kaka. Linapita."

Mimi nikatoa chupa yangu, nikamimina kiganjani. Ilikuwa mafuta hasa, yananukia nazi. Nikapaka utosi mpaka ukang'aa. Hyasinta akainua miwani, akanyoosha shingo.

"Hiyo ina namba ngapi?"

"Namba ya nini? Ni basi la shule?"

"Ya kinga. Hebu niisome kidogo."

"Mdogo wangu, mimi nilianza kushuka kreta wewe ukiwa hujamaliza darasa la saba. Hizi chupa nazijua kwa harufu."

Akanitazama kidogo, akarudisha miwani. Akasema, "Sawa, kaka," kwa sauti ambayo nikiikumbuka leo nasikia aibu hadi kwenye visigino.

Tukateremka kwa njia ya Seneto. Chini ukungu ulikuwa umeondoka, nyasi zimekauka rangi ya ngozi ya simba, upepo unapuliza baridi. Nikafungua paa wageni wasimame. Nilikuwa nimejiandaa kuona Hyasinta akishindwa mapema ili niwe na ushahidi. Macho yake hayaoni mbali, hilo analisema mwenyewe bila kuulizwa, na nilijua mwongozaji asiyeona mbali ni sawa na mpishi asiye na ulimi.

Akaniambia, "Kaka, zima gari."

"Kuna nini? Sioni kitu."

"Zima tu."

Nikazima. Akainua kidole. Akawaambia wageni wasikilize upande wa kushoto, kwenye nyasi, kuna ndege anaimba hivi, akamwigiza. Yule ndege akamjibu. Karen, ambaye tangu asubuhi alikuwa hajasema maneno manne, akashika mdomo. Ndani ya nusu saa Hyasinta aliwatajia ndege kumi na moja kwa sauti zao, kisha ndipo anachukua darubini kuwatafuta, na akiwapata anafungua kitabu ukurasa ule ule.

"Umejifunzia wapi haya?" aliuliza Birgit.

"Kwenye dungu," alijibu Hyasinta. Akawaeleza kwamba utotoni wenzake walipokwenda kulima juani, yeye baba yake alimjengea dungu, kile kibanda cha juu shambani, aamie ndege wasile ngano. "Nilikaa kivulini miaka mingi nikiwafukuza. Sikuwaona vizuri. Niliwasikia. Sasa nalipwa kuwaita, au nitalipwa, kama kaka hapa atasema vizuri jioni."

Wageni wakacheka, wakanitazama. Mimi nikaugeukia usukani.

Saa nne simu yake ikatetemeka mfukoni. Akaiminya, akatoa losheni, akajipaka upya. Saa sita vivyo hivyo. Tulikuwa karibu na Ziwa Magadi, faru mmoja mweusi yupo mbali, magari kumi na mawili yamepanga mstari, na yeye anapaka masikio.

Nikamwambia kwa Kiswahili, wageni wasielewe, "Hiki ndicho ninachosema. Kazi hii haina muda wa kujipodoa. Kila saa mbili?"

"Kila saa mbili."

"Na ukisahau siku moja?"

"Sisahau."

"Kila mtu husahau, mdogo wangu. Mimi nasema kwa huruma. Jua hili litakuumiza."

Akafunga kifuniko cha chupa kwanza. Halafu akasema, bila kupandisha sauti, "Kaka Obed, ndugu yangu Wilibrodi naye alikuwa kama mimi. Alichunga mbuzi bila kofia kwa sababu wenzake walikuwa wakimcheka. Kikatoka kidonda sikioni, hakikupona. Walimkata sikio, na mwaka uliofuata tukamzika. Kwa hiyo jua usinifundishe. Mimi na jua tunajuana kuliko wewe na mkeo." Akanyoosha chupa yake. "Utosi wako unaanza kuwa mwekundu. Paka hii."

Ningepaka, hadithi hii isingekuwepo. Lakini nilikuwa nimeshikwa na lile la Wilibrodi, na mimi nikishikwa huwa naropoka.

"Ngozi yetu sisi haiungui," nikasema. "Mungu alitupaka kiwandani." Nikachukua chupa yangu ya nazi, nikaongeza tabaka la pili.

Saa saba tukafika Ngoitokitok, pale penye bwawa la viboko, ndipo watu wanaporuhusiwa kushuka kula. Mwewe wanazunguka juu wakitafuta mzungu aliyeshika paja la kuku vibaya. Hyasinta akawaketisha wageni kwenye kivuli cha gari, akawaambia wakila wakifunike chakula kwa kifuniko cha boksi. Mimi nilikaa juani makusudi, nikatafuna yai.

Birgit akaniuliza, "Obed, ninyi huku mnaota jua kama sisi?"

Wageni wakishaanza kuuliza maswali ya namna hiyo, mimi nakuwa mtu wa jukwaani.

"Sisi hatuoti jua, mama. Jua ndilo linalotuota sisi. Linaamka asubuhi, linasema, leo nakwenda Afrika kupata joto."

Birgit alicheka mpaka akashika mabega yake yaliyoungua. Kicheko hicho kiliniponza. Nikasema ngoja niwaonyeshe ninyi mnavyolala kando ya bwawa. Nikatandika shuka la gari kwenye nyasi, nikavua shati la kazi nikabaki na singlendi, nikajimwagia mafuta mabegani na utosini kama mtu anayekaanga chipsi, nikalala chali, mikono nyuma ya shingo, nikapaza sauti nyembamba: "Wahudumu! Juisi ya embe!" Madereva wa magari mengine wakapiga makofi. Nilifurahi. Upepo ulikuwa mtamu, jua lilikuwa la vuguvugu kama blanketi, na siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi alfajiri.

Nikalala. Simaanishi kuigiza.

Wanasema Hyasinta alikuja kuniamsha mara mbili. Mara ya kwanza nilimwambia aniache, nawafikiria viboko. Mara ya pili sikujibu. Akaona wageni wanataka kwenda kuangalia ndege wa majini kandokando ya bwawa, akanifunika uso kwa kile kitabu chake kikubwa, akaenda kufanya kazi ambayo nilikuwa nimeletwa kuona kama anaiweza.

Aliyeniamsha ni Remigius.

"Oya, mzee, amka! Mwewe wanakuzunguka, wanadhani ni yai la mbuni!"

Nilikaa. Kitabu kikaanguka. Kwanza sikuhisi kitu. Halafu nikaukunja uso nione saa, na ngozi yote ya utosi ikavutika kama ngoma inayowambwa. Ilikuwa saa nane na nusu. Nikagusa kichwa. Sitasema nilitoa sauti gani, ila kiboko mmoja alijibu.

"Mungu wangu," alisema Remigius, akachutama anitazame vizuri. "Obed, una mpaka! Tangu nyusi kushuka ni Mchaga wa Machame. Kupanda juu ni Birgit."

Hakukosea. Kitabu kilikuwa kimekinga uso. Kuanzia pale ukingo wake ulipoishia, kichwa kilikuwa rangi ya sufuria ya shaba, kimevimba, kinatoa joto kama chapati. Mabega nayo vivyo hivyo. Birgit alikuja mbio, akaiona ile chupa kwenye nyasi, akaiokota.

"Umejipaka hii?"

"Mara tatu."

"Obed! Hii si ya kuzuia jua. Hii ni ya kulivuta! Watu hujipaka waungue haraka wapate rangi. Ndiyo iliyonifanya hivi bwawani!"

"Sasa kwa nini ulinipa?"

"Nilikupa ukaitupe!"

Hyasinta akaipokea, akaisogeza karibu kabisa na macho, akaisoma. "Kinga namba mbili," alisema. "Mimi natumia hamsini." Hakucheka. Angecheka ningeshukuru.

Aliniamuru nikae kivulini, na nikakaa. Alilowesha kitambaa kwa maji ya kunywa akakiweka utosini, akanipa maji ninywe polepole, akaniuliza kama naona kizunguzungu. Niliona. Akaniambia hatuondoki mpaka kiishe. Wakati huo huo akawaambia wageni tutasubiri hapa dakika arobaini, na hapa ndipo mahali pazuri pa kumsikiliza korongo fulani, na wakakaa wakamsikiliza, na sidhani kama walijua kwamba dereva wao alikuwa anajaribu kukumbuka jina la mke wake.

Kizunguzungu kilipotulia nikasema twende. Hyasinta akafungua begi lake, akatoa kofia ya akiba.

"Vaa."

Ilikuwa ya bluu, pana, ina maua meupe yaliyotariziwa na mama yake kuzunguka ukingo wote, na utepe wa kufungia chini ya kidevu.

"Mdogo wangu, siwezi."

"Kaka, kuna saa tatu za jua mbele yetu. Vaa."

"Watu wananijua."

"Ndiyo, na watazidi kukujua."

Nikavaa. Alinifunga utepe mwenyewe, maana mabega yaliizuia mikono isipande. Karen, yule mkimya, alitoa kamera.

Habari kule kreta inasambaa kwa redio ya gari kabla gari halijawaka. Tulikuwa bado hatujafika msitu wa Lerai nikasikia sauti ya Remigius: "Madereva wote, madereva wote. Kuna bi harusi anaelekea njia ya kupandia. Mpisheni, ana maua." Mwingine akauliza, "Mahari ng'ombe wangapi?" Mwingine akajibu kwamba hatolewi hata mbuzi, ameshaungua upande mmoja. Nikaizima. Hyasinta akaiwasha tena, kwa adabu, akasema huenda wakataja chui. Walitaja chui kweli, na tukamwona, na ni Hyasinta aliyewaonyesha wageni kwa kufuata kelele za kanga waliokuwa wakimtukana kutoka vichakani. Mimi niliendesha. Kila tulipopita kwenye shimo, kichwa kilinikumbusha.

Tulifika ofisini jioni. Wageni walimkumbatia Hyasinta kila mmoja kwa zamu yake, na Birgit akamwambia Mama Lukresia kwamba kesho kutwa wanarudi kreta na hawamtaki mwingine yeyote. Mimi alinipungia mkono kwa mbali, akiogopa kunigusa.

Wakaondoka. Tukabaki watatu: Mama Lukresia nyuma ya meza, Hyasinta kwenye kiti, mimi nimesimama kwa sababu mgongo haukutaka kuegemea.

"Haya, Obed," alisema Mama Lukresia. Alikuwa ananitazama kofia na anajizuia. "Wageni nimewasikia. Sasa neno langu moja. Anaweza au hawezi?"

Ilikuwa rahisi. Neno lenyewe lilikuwa ulimini. Siku nzima yule binti alikuwa amefanya kazi yake na robo tatu ya yangu. Lakini mtu akiwa amevaa kofia ya maua mbele ya bosi wake, heshima iliyobaki huwa ndogo sana na anaishika kwa meno. Nilikuwa nimesema tangu jana kwamba hawezi. Nilimwambia Anneth. Nilimwambia mpaka Remigius.

"Mama," nikaanza, "kuongea anajua. Ndege anawajua. Wageni wamempenda, sibishi."

"Lakini?"

"Lakini jua. Leo ni Julai, kuna ukungu, kuna upepo. Subiri Januari kreta inapokuwa kikaangio. Mimi namhurumia tu."

Mama Lukresia akaacha kuzuia kicheko. Uso ukawa wa kazi. Akageuza kalamu vidoleni, na nikaona kwamba neno langu lilikuwa limeingia.

"Hilo nami linanikosesha raha, Hyasinta, nisikufiche," alisema. "Si kwamba sikutaki. Lakini ngozi ya mtu ikiharibika kazini kwangu, lawama ni yangu. Ndugu zako watakuja hapa wataniuliza. Nitawaambia nini?"

Hyasinta alivua glavu moja, halafu ya pili, akaziweka mezani pamoja. Mikono yake ilikuwa vile vile kama asubuhi. Aliinuka, akanijia, akafungua ule utepe chini ya kidevu changu, akaivua kofia taratibu, kwa upole kabisa, kama muuguzi.

Mama Lukresia akasimama ili aone vizuri. Malengelenge ya utosini yalikuwa yamepasuka, ngozi inabanduka kama kitunguu, na kipande kimoja kilibaki kimening'inia kwenye maua.

"Yesu na Maria," akasema. "Obed, ni nini hicho?"

"Ni... jua, mama."

"La Julai?"

"La Julai."

"Hata hivyo," nikaongeza, maana mdomo wangu haujui kulala hata kichwa kikiungua, "mimi ni bahati mbaya ya siku moja. Yeye ni kila siku. Mama, fikiria ngozi kwanza."

Hyasinta akakung'uta kofia nje ya dirisha, akaikunja, akaiweka kwenye begi lake.

"Mama Lukresia, kama kazi hii wanapewa wanaorudi na ngozi zao, mimi naanza kesho, na nafasi ya dereva uitangaze."